Namna ya Kukipima Kituo Kikongwe cha Umeme wa Makaa ya Mawe: Mfano wa Hwange, Zimbabwe

Mara nyingi serikali hutangaza kwamba kituo fulani cha umeme wa makaa ya mawe kimechakaa na kitafungwa, au kwamba kitakarabatiwa kiendelee kufanya kazi kwa miaka mingine mingi, na wananchi wakabaki wakibishana kwa hisia kwa kuwa hawana kipimo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwandishi wa habari, diwani, mwanafunzi au mwananchi yeyote anayetaka kujua kituo cha namna hiyo kinabeba mzigo kiasi gani katika gridi ya taifa na kimebakiwa na uhai kiasi gani. Nimechagua kituo cha Hwange, kaskazini-magharibi mwa Zimbabwe, kwa sababu nchi hiyo imetegemea nguzo mbili tu kwa miaka mingi, yaani maji ya bwawa la Kariba na makaa ya Hwange, na kwa hiyo kila udhaifu wa nguzo moja huonekana waziwazi katika nyingine. Hatua zenyewe unaweza kuzitumia kwa kituo chochote cha makaa, kiwe Afrika Kusini, India au Poland.

Orodhesha mashine moja moja

Neno "kituo" linaficha mengi. Hwange ni mashine nane za marika tofauti zilizosimama katika eneo moja, kila moja ikiwa na boila, turbini na jenereta yake. Mashine nne za kwanza ni za megawati 120 kila moja, na mbili zilizofuata ni za megawati 220 kila moja; zote sita ziliwashwa katika miaka ya 1980, kuanzia 1983, na jumla yake ni megawati 920. Namba 7 na namba 8, za megawati 300 kila moja, zilijengwa na kampuni ya China iitwayo Sinohydro kwa mradi uliogharimu takriban dola bilioni 1.5 za Marekani, na zikazinduliwa rasmi Agosti 2023. Kwa hiyo anayesema kwamba Hwange ni kituo cha megawati 1,520 amesema kweli, na anayesema kwamba ni kituo chenye zaidi ya miaka 40 naye amesema kweli, lakini kauli hizo mbili zinahusu mashine tofauti, na mjadala ukizichanganya hauwezi kufika popote.

Chukua daftari na uandike kila mashine kwa namba yake, mwaka iliowashwa, nguvu iliyoandikwa kwenye bati la mtengenezaji, na hali yake siku hiyo. Katika safu ya hali usiridhike na "inafanya kazi" au "haifanyi kazi", kwa sababu mashine ya megawati 220 inaweza kuwa inazunguka huku ikitoa megawati 130 tu, ama kwa kuwa kinu kimoja cha kusagia makaa kimekufa, ama kwa kuwa maji ya kupoozea yana joto kupita kiasi. Kama imesimama, andika ilivyosimama: imezimwa kwa matengenezo yaliyopangwa, au imejizima yenyewe kwa hitilafu. Tofauti hii ni kubwa. Mashine iliyozimwa kwa mpango, katika msimu wa matumizi madogo, ni dalili ya uangalizi mzuri, ilhali mashine inayoanguka mara kwa mara jioni ni dalili kwamba matengenezo yaliahirishwa.

Geuza megawati kuwa uniti

Megawati hueleza uwezo wa mashine kwa wakati mmoja, na nyumba, kiwanda na hospitali hutumia uniti, yaani kilowati-saa. Mwaka una saa 8,760. Ukizidisha megawati 920 za mashine sita za zamani kwa saa hizo unapata megawati-saa 8,059,200, ambazo ni uniti bilioni 8 na ushei. Huo ndio upeo ambao mashine hizo zingefikia zingezunguka kwa nguvu kamili mwaka mzima bila kusimama hata dakika moja, jambo ambalo ni nadra sana kwa kituo cha makaa. Sasa chukua kiasi kilichozalishwa kweli kutoka ripoti ya mwaka ya kampuni, ukigawanye kwa upeo huo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ripoti imetaja uniti bilioni 3: utapata asilimia 37, na maana yake ni kwamba kati ya kila megawati 100 zinazotajwa kwenye hotuba, nchi imepata kwa wastani megawati 37.

Kabla ya kutoa hukumu, uliza swali moja zaidi: je, mashine zilikuwa zimeharibika, au zilikuwa nzima lakini hazikuitwa kwa sababu kulikuwa na umeme wa bei nafuu kutoka mahali pengine? Ndiyo maana wataalamu hutenganisha kiwango cha uzalishaji na kiwango cha upatikanaji, hiki cha pili kikionyesha ni kwa kiasi gani mashine ilikuwa tayari kufanya kazi, iwe iliitwa au haikuitwa. Afrika Kusini inatupa somo la wazi. Upatikanaji wa mitambo ya Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, ambayo sehemu yake kubwa ni ya makaa, ulishuka chini ya asilimia 60 katika mwaka wa fedha wa 2022/23, na mwaka 2023 siku zenye mgao wa umeme zikawa nyingi kuliko siku zisizo na mgao. Nchi hiyo ilikuwa na megawati nyingi sana kwenye karatasi. Kilichokosekana ni mashine zinazowaka zinapohitajika.

Angalia pia namba imechukuliwa wapi. Kituo cha makaa hutumia chenyewe kati ya asilimia 8 na 10 ya umeme wake kuendesha pampu, feni, vinu vya makaa na mikanda ya kusafirishia, kwa hiyo kilichopimwa kwenye jenereta si sawa na kilichotoka getini kwenda kwenye gridi. Ripoti mbili zikitofautiana kwa kiasi hicho, pengine hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amesoma mita yake.

Fuata mirija ya boila

Ningepewa nafasi ya kuuliza swali moja tu katika kituo kikongwe, ningeuliza: mwaka jana mirija ya boila ilivuja mara ngapi? Swali hili linaeleza hali ya kituo kuliko umri wake, kwa sababu uvujaji wa mirija ni miongoni mwa sababu kuu zinazosimamisha mashine za makaa bila kutarajiwa, na nyuma ya kila uvujaji kuna hadithi ya maji, makaa, fedha au haraka.

Boila ni jengo refu la chuma ambalo kuta zake za ndani zimepangwa mirija iliyokaa bega kwa bega, ndani yake maji, nje yake moto wa makaa yaliyosagwa hadi kuwa unga laini kama wa ngano. Maji hugeuka mvuke, mvuke hupashwa tena hadi kufikia joto la karibu nyuzi 540 za Selsiasi, ukiwa na mgandamizo unaozidi mara 100 mgandamizo wa hewa tunayovuta, ndipo unapopelekwa kwenye turbini, yaani gurudumu la mapanga linaloendesha jenereta, kuizungusha. Chuma kinachokaa katika hali hiyo miaka 40 hakibaki kama kilivyokuwa. Kwa joto la namna hiyo chuma hutanuka polepole mno, kisirudi tena. Majivu yanayopita kwa kasi hukwangua mirija kutoka nje, na maji yasiyosafishwa vizuri huila kutoka ndani. Aidha, kila mara boila inapozimwa na kuwashwa upya, chuma husinyaa na kutanuka, na sehemu zilizochomelewa huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa.

Siku mrija unapotoboka, wafanyakazi wa chumba cha udhibiti huona kwanza kwamba boila inanywa maji ya nyongeza kuliko kawaida. Wenzao walio karibu na tanuru husikia sauti kali ya mvuke inayofanana na filimbi isiyokatika. Hapo uamuzi ni mgumu, kwa sababu mvuke unaotoka kwenye tundu dogo huchota majivu na kuyapiga kwenye mrija wa jirani kama msasa, na mrija mmoja uliotoboka saa 2 asubuhi unaweza kuwa mirija mitano kufikia jioni. Lakini kuzima mashine mara moja ni kuwanyima watu umeme wa jioni hiyo. Meneja anayebanwa na mahitaji ya gridi huomba kuvuta hadi usiku wa manane. Anayelipa deni hilo ni fundi wa kuchomelea atakayeingia humo kesho kutwa.

Naye haingii mara moja. Boila inahitaji takriban siku nzima kupoa kabla mtu hajaweza kupita kwenye mlango wake wa ukaguzi. Majukwaa hufungwa ndani ya tanuru hadi kufikia mahali palipotoboka, mrija hukatwa, kipande kipya huchomelewa, mchomeleo hupigwa picha ya mionzi ili kuhakikisha hauna ufa, kisha boila hujazwa maji baridi na kubanwa kwa presha kuona kama inashika. Baada ya hapo huwashwa kwa mafuta na kupashwa pole pole kwa saa nyingi. Kwa jumla ni siku tatu hadi tano kwa tundu ambalo pengine lilianza likiwa dogo kuliko ncha ya penseli. Uvujaji kama huo ukitokea mara kumi kwa mwaka katika mashine moja, mashine hiyo imepoteza zaidi ya mwezi mzima, hata kabla hujahesabu matengenezo ya kawaida.

Kwa hiyo unapoomba takwimu, usiombe idadi ya uvujaji peke yake. Omba pia mahali ulipotokea. Uvujaji uliotawanyika huku na kule waweza kuwa bahati mbaya, lakini unaorudi pale pale kila baada ya miezi michache humaanisha kwamba eneo zima la mirija limekwisha na kinachofanyika ni kutia viraka. Hapo ndipo pa kuamua kama eneo hilo libadilishwe lote au mashine istaafishwe.

Pima makaa, mafuta na maji

Makaa yenye nguvu ya gigajuli (kipimo cha nishati) 24 kwa tani yana takriban megawati-saa 6.7 za joto katika kila tani. Kituo cha zamani hugeuza karibu theluthi moja tu ya joto hilo kuwa umeme, hivyo tani moja hutoa uniti 2,200 hivi. Mashine moja ya megawati 120 ikizunguka kwa nguvu kamili usiku na mchana hutoa uniti 2,880,000, na kwa hesabu hiyo inahitaji takriban tani 1,300 za makaa kila siku. Yakiwa na majivu kwa robo yake, kituo hubakiwa na zaidi ya tani 300 za majivu za kutupa kila siku kutokana na mashine hiyo moja. Na kila megawati-saa humwaga hewani takriban tani moja ya kaboni dioksaidi.

Hwange ina bahati ya kukaa juu ya mgodi, na makaa huletwa kwa mkanda badala ya reli ndefu. Hata hivyo, ukaribu hauhakikishi ubora. Katika machimbo hayo, sehemu ya tabaka inayofaa kutengenezea koki, yaani makaa yaliyookwa ya kuyeyushia chuma viwandani, ina soko lake, na kituo hupata makaa yenye majivu mengi zaidi. Majivu mengi na mawe madogo hula vinu, hukwangua mirija, na makaa yakilowa wakati wa masika hunata kwenye mifereji ya kushushia. Kituo kilichojengwa kwa makaa ya aina moja na kulishwa ya aina nyingine huzeeka kabla ya wakati wake.

Mafuta ni kipimo ambacho wengi hukisahau, ingawa ni rahisi kukifuatilia. Kituo cha makaa hutumia dizeli au mafuta mazito kuwasha boila iliyopoa na kuushikilia moto unapotaka kuzimika. Kituo chenye afya hutumia kidogo. Ukiona gharama ya mafuta imepanda mwaka hadi mwaka ilhali umeme uliozalishwa haujaongezeka, jua kwamba mashine zinaanguka na kuwashwa mara nyingi, au makaa ni mabaya, au yote mawili, hata kama ripoti haikusema hivyo mahali popote.

Maji nayo ni ya kuhesabu. Minara ya kupoozea hupoteza kwa mvuke karibu lita mbili kwa kila uniti. Hwange hupata maji yake kutoka Mto Zambezi, yakisukumwa kwa pampu za Deka kupitia bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 40. Bomba hilo likipasuka, kituo kizima kimo hatarini hata kama makaa yamejaa uwanjani, na kwa sababu hiyo ukaguzi unaoishia ndani ya uzio wa kituo haujakamilika.

Kiweke kituo ndani ya gridi yake

Hatua hii ndiyo inayoamua thamani ya kituo kwa taifa, na ndiyo inayorukwa zaidi. Zimbabwe ina mitambo ya megawati 1,050 upande wake wa bwawa la Kariba, lakini maji ya ziwa hilo hutumika kuzalisha umeme katika kina cha mita 13 tu, kuanzia mita 475.5 hadi 488.5 juu ya usawa wa bahari, na maji hayo hugawanywa na Zambia. Mwishoni mwa Novemba 2022 akiba inayotumika ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 5, na Mamlaka ya Mto Zambezi, inayolisimamia bwawa hilo kwa niaba ya nchi zote mbili, ikaagiza upande wa Zimbabwe usimamishe uzalishaji. Wakati huo namba 7 na 8 za Hwange zilikuwa bado hazijaanza kutoa umeme. Taifa likageukia mashine sita za miaka ya 1980, zilizokuwa zikichechemea, pamoja na umeme wa kununua kutoka nchi jirani. Watu wakakaa gizani saa 18 na zaidi kwa siku, na akina mama wakapika usiku wa manane kwa sababu ndio wakati umeme ulirudi.

Kutokana na mkasa huo utaona kwamba kituo kikongwe kinapaswa kupimwa kwa siku mbaya ya nguzo nyingine. Andika mahitaji ya kilele cha nchi, ambayo kwa Zimbabwe hukaribia megawati 1,800 hadi 2,000, kisha utoe maji kwa kiwango cha mwaka wa ukame, uone pengo linabaki kiasi gani. Halafu toa mashine moja kubwa kuliko zote, kwa kuwa siku moja itaanguka. Mashine ya megawati 300 katika gridi ya ukubwa huo ni karibu moja ya sita ya mzigo wote, na ikijizima ghafla, kilichobaki kinaweza kuyumba na kuangusha nchi nzima. Kwa hiyo hata mashine mpya za Hwange zimeleta hitaji jipya la akiba, na mara nyingi akiba hiyo ni zile kongwe.

Zingatia pia saa. Mitambo ya jua inaongezeka kwa kasi Zimbabwe, nami naliona hilo kuwa jambo jema, lakini mahitaji makubwa huanza saa 12 jioni na kuendelea hadi saa 4 usiku, jua likiwa limezama. Mpaka kuwe na betri au maji ya kutosha kuvusha saa hizo, uniti ya mchana haiwezi kuchukua nafasi ya uniti ya jioni, na jedwali linalozijumlisha pamoja linapotosha. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka mgao wa 2006 na 2011, maji ya bwawa la Mtera yalipopungua, ataielewa hesabu hii bila shida, tofauti ikiwa kwamba kazi ya Hwange hapa kwetu hufanywa na gesi.

Unapofika kwenye suala la kukarabati au kufunga

Ukishakuwa na namba hizo, dai mpango utaje mambo matatu kwa maandishi: mashine ipi itazimwa mwaka gani, nini kitatoa umeme wa jioni badala yake, na nani atalipia mabaki. Uingereza ilikifunga kituo chake cha mwisho cha makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024, lakini ilikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kujenga upepo, gesi na nyaya za kuvusha umeme kutoka nchi jirani, tangu makaa yalipokuwa yakitoa karibu asilimia 40 ya umeme wake mwaka 2012. Afrika Kusini iliizima mashine ya mwisho ya Komati, kituo kilichoanza kazi miaka ya 1960, Oktoba 2022, na Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 497 za kukigeuza kuwa cha jua, upepo na betri. Pamoja na fedha hizo, watu wa mji ule walilalamika kwamba ajira ziliondoka upesi kuliko mbadala ulivyofika. Ratiba ya mbadala inapaswa kutangulia ratiba ya kufunga, wala si kuifuata.

Kwa upande mwingine, usikubali ukarabati uwe njia ya kuahirisha uamuzi milele. Msimamo wangu ni kwamba mashine kongwe inastahili ukarabati pale tu ambapo tarehe yake ya mwisho imeandikwa, vichujio vya moshi na vumbi vimo ndani ya bajeti ile ile, na fedha za turbini hazikuchukuliwa kutoka kwenye fedha za mirija. Wanaoishi chini ya bomba la moshi hulipa kwa mapafu yao kila mwaka unaoongezwa. Ni hoja za namna hiyo, pamoja na upungufu wa kuwashirikisha wananchi, zilizoifanya mahakama ya mazingira ya Kenya ifute leseni ya kituo cha makaa cha Lamu Juni 2019, kabla hata msingi haujachimbwa.

Mwisho, tembelea dampo la majivu, au ukishindwa, tafuta picha yake ya setilaiti. Mashine ya tani 300 za majivu kwa siku, hata ikifanya kazi nusu ya muda wake, huacha tani zaidi ya milioni mbili katika miaka 40, na dampo hilo litaendelea kutoa vumbi wakati wa kiangazi na kuchujia metali kwenye maji ya chini muda mrefu baada ya boila kupoa. Andika ukubwa wake, umbali wake kutoka kisima na shule iliyo karibu, na jina la ofisi itakayolitunza kituo kikishafungwa. Kama mpango hautaji ofisi hiyo, peleka swali lako kwa maandishi kabla mkataba wa ukarabati haujasainiwa.